Kashata: karanga kiasi gani, sukari kiasi gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu kashata. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na salamu ndefu tumezifupisha, mtuwie radhi. Hesabu za humu ni za kipande cha gramu 30. Mwenye mizani ya jikoni apime cha kwake kwanza, maana wauzaji hawakati sawa: kuna vya gramu 20 na kuna vya gramu 50.

Shikamooni. Mwanangu wa darasa la tatu hununua kashata mbili za karanga kila siku nje ya shule. Mwalimu anasema ni bora kuliko pipi, wifi yangu anasema ni sukari tupu. Nimsikilize nani? (Mama, Tanga)

Marahaba, mwanetu. Inategemea kipimo cha mpishi. Tuchukue kashata ya sawa kwa sawa, nusu kilo ya karanga kwa nusu kilo ya sukari. Kipande kimoja kitakuwa na kilokalori 145 hivi, protini gramu 3.6, mafuta gramu 7.5, nyuzilishe gramu moja na kidogo, na sukari gramu 15, ambazo ni karibu vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Kwa hiyo nusu ya uzito ni karanga kweli, na nusu ni sukari kweli.

Karanga inaleta madini ya magnesiamu, niasini na foleti ambazo ni vitamini za kundi B, na mafuta ambayo sehemu kubwa si ya kugandisha mishipa. Pipi haileti hata kimoja katika hivyo. Hapo mwalimu kashinda. Lakini pipi ndogo ngumu ina sukari ya gramu 5 tu, na kashata moja ni sawa na pipi tatu. Hapo wifi naye ana lake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Mtoto anayekula kilokalori 1,600 kwa siku, hiyo ni gramu 40, au 20 kwa kiwango cha chini. Kashata mbili zina gramu 30, na bado hatujagusa chai ya asubuhi wala juisi. Mpe ruhusa ya moja, na hela ya ile ya pili anunue chungwa au embe, kwa sababu karanga haina vitamini C wala A.

Protini ya karanga ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hupata kwa chakula tu, na mahindi nayo yana upungufu huohuo. Ugali na kashata havizibiani pengo. Maharage, kunde au dagaa ndivyo vinavyoziba, hivyo kashata isimfanye mtoto akatae mboga ya mchana.

Nauza kashata na wateja wamenitaka nipunguze sukari wasinenepe. Nikipunguza, haziungani. Nyingine zinanata mkononi, nyingine zinageuka kama mchanga. Nifanyeje? (Mpishi, Mombasa)

Kwanza, dada yetu, usiwaahidi wateja jambo lisilokuwepo. Gramu moja ya karanga ina nishati zaidi kuliko gramu moja ya sukari. Kashata ya karanga mbili kwa sukari moja ina kilokalori 155 kwa kipande, yaani imezidi kidogo ile ya sawa kwa sawa. Anachopata mteja ni sukari gramu 10 badala ya 15 na protini karibu 5 badala ya 3.6, na atashiba upesi zaidi. Ni faida ya kutosha kuitangaza, ila si ya kumkondesha mtu. Anayetaka kupungua akate kipande kidogo.

Kipimo tunachokipendekeza ni karanga gramu 500 kwa sukari gramu 300, maji robo kikombe, maji ya limau nusu kijiko cha chai, chumvi kidokoleo kimoja na iliki iliyotwangwa. Utapata vipande 26 hivi vya gramu 30, kila kimoja kikiwa na sukari gramu 11. Ukishuka chini ya gramu 250 za sukari kwa karanga hizo, shira haitoshi kuzizunguka punje, na ndiyo maana haziungani. Ukitaka kushuka zaidi, ponda nusu ya karanga ziwe chengachenga: zitajaza nafasi kati ya punje, na shira kidogo itatosha kushika.

Kaanga karanga kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, ukigeuza bila kuacha, mpaka ganda jembamba litoke kwa kusugua na punje iwe kahawia nyepesi. Menya, pepeta, kisha ziweke pembeni ya jiko zibaki na joto. Usilipuuze hili la joto: ukizimimina zimepoa, shira inaganda papo hapo kabla hujachanganya.

Weka sukari, maji na limau jikoni. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote, halafu ondoa mwiko na usikoroge tena. Wengi hukosea hapa. Punje ya sukari iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikirudishwa na mwiko inaita nyenzake, na shira nzima inageuka mchanga. Futa ukingo kwa kitambaa au brashi iliyoloa maji. Limau linaigawa sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo huzuia ule mchanga. Lakini ukitia limau la kijiko kizima, sukari hizo zinavuta unyevu wa hewa, na kwa hewa ya Mombasa kashata zitanata kabla ya magharibi.

Kunata kwenyewe kuna sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi, nayo ni shira kuepuliwa mapema. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likiwa donge linalobonyea, bado. Likivutika kama uzi unaopinda, bado. Likivunjika kwa mlio, hapo imefika nyuzi 150 hivi za joto (Selsiasi), tia karanga. Ukingoja hadi shira iwe kahawia nzito na kutoa moshi, umeshauchoma utamu na uchungu umeingia.

Changanya haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sambaza kwa kisukumio cha chapati kilichopakwa mafuta pia hadi unene wa sentimita moja, ukate ndani ya dakika mbili tatu. Zikishaganda hazikatiki, zinapasuka ovyo. Zikipoa kabisa, zifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa. Usizifunge zikiwa na joto, zitatoa jasho humo humo.

Ipi bora kwa afya: ya karanga, ya nazi au ya ufuta? (Msomaji, Unguja)

Ya nazi ni tamu lakini ndiyo maskini zaidi kwa lishe. Nazi mbichi iliyokunwa ina maji karibu nusu ya uzito wake, na sehemu ya maji hayo hukauka jikoni, sukari ikabaki yote. Nazi gramu 250 kwa sukari gramu 250 inatoa gramu 400 hivi za kashata. Kipande kinakuwa na sukari gramu 20, protini chini ya gramu moja, na mafuta gramu 6 ambayo karibu yote ni yale yanayoganda. Wapo wanaopikia chicha, baada ya tui kukamuliwa. Hapo mafuta yanapungua na nyuzilishe zinabaki, ila ladha nayo imekwenda na tui, na mpishi huifidia kwa kuongeza sukari. Rangi nyekundu au ya waridi haiongezi wala haipunguzi lishe, mradi iwe rangi ya chakula yenye nembo na tarehe, si ile ya kupimiwa kwenye karatasi.

Ya nazi pia haikai. Unyevu umebaki ndani, na baada ya siku chache hupata harufu ya mafuta yaliyochacha au ukungu mweupe. Ya karanga iliyokauka vizuri hukaa wiki kadhaa kwenye kopo.

Ufuta una sifa nyingi, na nyingine zimetiwa chumvi. Ni kweli ufuta usiokobolewa una kalsiamu nyingi sana, miligramu 975 katika gramu 100. Lakini kalsiamu hiyo iko zaidi kwenye ganda, tena imefungamana na oksaleti, kemikali ya mmea inayoishika kalsiamu, kwa hiyo mwili huchukua sehemu ndogo. Ufuta mweupe uliokobolewa hubakiwa na kiasi kidogo tu, miligramu 60 hivi. Kwa madini ya chuma, kashata ya ufuta ya sawa kwa sawa inatoa miligramu 2 kwa kipande, na hiyo ni kubwa kuliko ya karanga. Tukiulizwa tuchague, tunachukua ya ufuta usiokobolewa, kisha ya karanga. Ya nazi tunaiacha kwa sherehe.

Nimesikia karanga zina sumukuvu inayoleta saratani ya ini. Je, kukaanga na kuchemka kwenye sukari hakuiui? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, hili ndilo swali tulilolingoja. Sukari mtu anaiona na kuionja, sumukuvu haionekani.

Sumukuvu ya karanga, iitwayo aflatoksini, ni kemikali inayotengenezwa na kuvu, hasa *Aspergillus flavus*. Kuvu chenyewe hufa kwa moto. Sumu haifi, kwa sababu haina uhai: kukaanga hupunguza sehemu tu, na shira ya nyuzi 150 kwa dakika mbili haibadilishi kitu. Karanga ikiingia jikoni na sumu nyingi, kashata itatoka na sumu.

Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ikiliwa nyingi kwa mkupuo huua ini kwa siku chache. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 huko Ukambani, na mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mikasa yote miwili ilitokana na mahindi, siyo kashata, lakini kuvu ni kilekile na karanga ni shamba lake jingine linalopendwa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya karanga, na kati ya hizo aina ya sumu iitwayo B1 isizidi 5.

Inaingia vipi? Ukame mwishoni mwa msimu hupasua maganda udongoni. Kuchelewa kuvuna. Kuanika chini kwenye udongo. Na lile la kunyunyizia maji karanga kavu ili maganda yalainike zikibanguliwa kwa mkono, ambalo ni kosa kubwa: punje iliyokuwa salama inarudishiwa unyevu kisha inatiwa guniani. Punje zilizobanguliwa zinapaswa kuwa na unyevu wa asilimia 7 au 8. Ukivunja moja kwa meno na ikatoa mlio mkavu, uko karibu hapo. Ikipinda au ikibonyea, haijakauka.

Sumu haisambai sawa. Katika gunia moja, punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote. Ndiyo maana kuchagua kwa mkono kunasaidia kuliko njia nyingine yoyote ya nyumbani. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizoota, zilizovunjika na zenye ukungu. Chagua mara mbili: kabla ya kukaanga, na baada ya kumenya, maana madoa mengine hujificha chini ya ganda jembamba. Ulizozitoa usizitwange kuwa unga wa mchuzi, wala usiwape kuku au ng'ombe. Sumu anayoila ng'ombe hupita kwenye maziwa.

Na hapa tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya wauzaji hawatalipenda. Chenga za bei rahisi, mabaki baada ya punje nzuri kuuzwa, huishia kwenye vyakula vinavyoficha sura ya karanga, na kashata iliyosagwa laini na kuungua rangi nzito inaficha vizuri sana. Nunua ile ambayo punje nzima au nusu zinaonekana, zimemenywa, rangi nyepesi. Ukipata punje chungu, tema, usimeze kwa heshima. Hii haikuhakikishii usalama, kwani sumu haina ladha ya kutegemewa, ila inakupunguzia hatari.

Mimi ni mzee wa miaka 63, nina kisukari cha aina ya pili. Barazani jioni kahawa haiendi bila kashata. Pia naambiwa nitembee na kashata mfukoni sukari ikishuka. (Mzee, Bagamoyo)

Shikamoo, mzee wetu. Tuanze na la mwisho, maana lina hatari. Sukari ikishuka, kashata siyo dawa. Mafuta na protini ya karanga huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na wakati huo wewe huna muda. Tembea na sukari ya kawaida: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye nusu glasi ya maji, au soda isiyo ya "bila sukari", nusu chupa ndogo. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, hapo sasa karanga au kipande cha mkate vina kazi, vya kuishikilia isishuke tena. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Ama barazani, kucheleweshwa kulekule kwa sukari ndiko kunakoifanya kashata ya karanga iwe na nafuu kuliko ya nazi au kaimati zilizoloweshwa shira. Lakini gramu 15 bado zinahesabiwa. Kata kipande katikati, kula nusu na kahawa chungu, na usiku punguza wali au ugali kiasi cha vijiko viwili vikubwa. Pima damu saa mbili baadaye mara kadhaa uone mwili wako unavyoipokea, kisha umwoneshe daktari namba hizo. Njia nyingine ambayo wazee wengi hawaikatai ni karanga za kukaanga zisizo na sukari, kiganja kimoja, kahawa ikabaki palepale.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kupewa? (Mama, Bujumbura)

La. Punje nzima za karanga hukaba koo, na kashata ni mbaya zaidi kwa kuwa ni ngumu na inanata. Tungoje hadi miaka mitano. Kwa sasa saga karanga zilizochaguliwa ziwe laini kabisa na utie kijiko kikubwa kimoja kwenye uji: anapata kilokalori 95 na protini gramu 4 bila sukari. Mara ya kwanza anza na robo kijiko cha chai, mchana, ukimwangalia. Vipele, midomo kuvimba, kutapika au kupumua kwa shida ni dalili za mzio, kimbia hospitali. Mwenye mzio wa karanga asile hata kashata ya nazi ya mtaani, kwa kuwa mara nyingi sufuria na sinia ni hilohilo.

Sisi bodaboda mchana tunakula kashata tano na maji, tunaendelea na kazi. Tatizo liko wapi? (Dereva, Morogoro)

Ndugu yetu, tano ni kilokalori 725 hivi, nishati ya mlo kamili. Ndani yake kuna protini gramu 18, si haba. Na sukari gramu 75, mara moja na nusu ya kikomo cha siku nzima cha mtu mzima. Vitamini A hakuna, C hakuna. Kwa bei hiyohiyo, au karibu nayo, chukua karanga za kukaanga gramu 60, ndizi mbivu mbili na kashata moja. Nishati inakaribia hapohapo, ila sukari ya kuongezwa imeshuka hadi gramu 15, na usingizi wa saa tisa utapungua pia.

Je, ya sukari guru ni salama kwa anayeogopa sukari? (Msomaji, Kisumu)

Nishati yake inakaribiana sana na ya sukari nyeupe. Madini yamo, lakini kwa kiasi ambacho gramu 15 hazikusaidii kitu. Inunue kwa ajili ya ladha. Mpishi ajue tu kwamba sukari guru huja na unyevu wake, kwa hiyo itachukua muda zaidi kufikia mlio wa tone, na kashata zake hunata mapema.

Nina mimba ya miezi mitano na napewa vidonge vya madini ya chuma. Naruhusiwa kashata na kahawa? (Dada, Zanzibar)

Kashata moja ya karanga zilizochaguliwa, ndiyo, ikiwa huna mzio na hujaambiwa una kisukari cha mimba. Foleti ya karanga ni nyongeza tu, haishiki nafasi ya vidonge vya kliniki. Kahawa huzuia madini ya chuma kufyonzwa, ya chakula na ya vidonge pia. Meza kidonge na maji au maji ya chungwa, acha saa mbili zipite ndipo unywe kahawa, vikombe vidogo viwili visizidi. Kama kidonge kinakutia kichefuchefu tumboni kukiwa kitupu, kimeze baada ya chakula cha usiku, na kahawa iwe ya asubuhi.